UZI: Mimi Mkatoliki wa kizamani, rais mpya wa Marekani, na ile kreti ya soda niliyonunua Januari

MzeeTrento (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Walioko Arua poleni na vumbi, walioko Kampala poleni na mabango ya wagombea. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Nimeuzungusha kichwani tangu Pasaka na sasa kampeni za uchaguzi wetu wa Januari 2026 zimeanza, kila ukikaa mahali ni rais rais rais, nikasema wacha nimwage.

Kwanza mnijue maana humu kuna wageni. Mi ni Mkatoliki na sio yule wa Krismasi na matanga. Komunyo napokea kwa ulimi nimepiga magoti. Nilifunga ndoa kanisani, nina watoto 6, na ile barua ya Papa Paulo wa Sita ya 1968 kuhusu uzazi naikubali yote mpaka nukta, hata muhula ukifunguliwa na karo ikanidai mara sita. Kwaya wakianza kile kinanda chao cha disko wakati watu wanapokea, natoka zangu nje nasimama chini ya mwembe mpaka wamalize. Vijana wa parokia ndio walionipa jina la Mzee Trento, kwa ule mtaguso wa kizamani wa Kanisa, walidhani wananitusi, mi nikalifanya jina la humu.

Sasa. Tarehe 20 Januari 2025 Trump anaapishwa, kwao saa sita mchana huku kwetu saa mbili usiku, nilikua nimefunga duka langu la misumari na rangi lakini sikwenda nyumbani, nikabaki ndani simu imeegemea debe la rangi, mimi na wazee wawili wa jumuiya na kijana mmoja wa boda aliyekuja kusikiliza stori tu. Wiki ile yote usingizi haukuja vizuri kwa furaha, nawaambia ukweli. Tarehe 23 akawasamehe watu 23 waliohukumiwa kwa mambo ya kuzuia milango ya kliniki za kutoa mimba. Tarehe 24 yale maandamano ya kila mwaka ya kutetea uhai yakafanyika Washington, makamu wake Vance akapanda jukwaani mwenyewe, na Vance ni mwenzetu, kabatizwa Mkatoliki 2019 akiwa mtu mzima na ndevu zake. Siku ileile Trump akasaini kurudisha sera ya Mexico City. Nilipiga kelele mpaka mama wa duka la jirani akaja mbio na fimbo akidhani nimeona nyoka. Nikanunua kreti ya soda nikagawa. Nikafika nyumbani nikamwambia ndugu yangu mmoja anayekaa kwangu, "tumeshinda". Akaniangalia, akauliza, "tumeshinda nini?"

Hilo swali ndilo limeleta uzi huu. Naendelea, msinijibu kwanza.

ShabaWaOli

Tumeshajibu 😂 Mzee Trento ile kreti mbona huku Oli haikufika, au soda za Vatikani haziingii kwa Waislamu? Niko siti ya mbele na karanga zangu, endelea.

Kijana256

Mzee kabla hujaendelea, sera ya Mexico City ndo nini na Mexico imeingiaje hapo

MzeeTrento

Kijana umeuliza vizuri. Mwaka 1984 kulikua na mkutano mkubwa wa dunia wa mambo ya idadi ya watu, ukafanyika jiji la Mexico, ndo serikali ya Reagan ikatangaza pale kwamba shirika la nje likitaka hela ya Marekani ya uzazi wa mpango, basi lisitoe mimba kama njia ya kupanga uzazi wala lisiipigie debe, hata kwa hela yake yenyewe iliyotoka kwingine. Basi. Lakini angalia ilivyochezewa. Clinton kaingia, Januari 1993 kaifuta. Bush mtoto kaingia, Januari 2001 kairudisha, na wote wawili wakachagua tarehe 22 maana ndo siku ya ile hukumu ya Roe ya 1973 iliyofungua mimba kutolewa Marekani nzima. Obama 2009 kaifuta. Trump 2017 karudisha na kuipanua ikagusa hela za afya kwa upana wake. Biden 2021 kaifuta. Trump 2025 karudisha. Yaani mlango wa kibanda cha chapati una heshima kuliko sera hiyo, ule wa chapati angalau saa nne usiku unatulia.

Na mi kila ilipofutwa nilinuna na kila iliporudi nikachekelea, tangu 2001 nikiwa chuo cha ualimu na redio ya betri nne. Zaidi ya miaka ishirini napandisha na kushusha presha kwa kalamu ya mtu ambaye hajui Ediofe iko wapi.

MlokoleHalisi

Bwana asifiwe. Mzee wangu umechelewa lakini karibu. Huyu mtu ni Koreshi wa Isaya 45, hamjui Mungu ila Mungu kamshika mkono wa kuume. Ile risasi aliyopigwa kwenye kampeni kule Butler 2024 ilipita sikioni kwa nini? Wakatoliki mna tatizo moja, mnachambua mpaka baraka.

MzeeTrento

Amina ndugu yangu ila Koreshi nakukatalia, na nakukatalia nikiwa upande uleule wako.

Nimpe haki yake kwanza. Majaji watatu wa mahakama yao ya juu kabisa aliowaweka awamu ya kwanza, Gorsuch, Kavanaugh na yule mama Barrett mwenye watoto 7, bila hao hukumu ya Roe ingekuwepo mpaka leo. Ilifutwa tarehe 24 Juni 2022, na mwaka ule tarehe hiyo iliangukia sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kanisa kuu letu hapa Ediofe ni la Moyo Mtakatifu. Mi nilikua ndani ya kanisa hilo, natoka nje nakuta simu imejaa meseji, nikarudi ndani kupiga goti tena. Hiyo siku siifuti kwa mtu.

Lakini huyuhuyu 2024 chama chake kikapunguza maneno ya mimba kwenye ilani, yeye anasema waachiwe majimbo waamue, kana kwamba uhai ni leseni ya kuuza pombe. Februari 2025 kasaini karatasi ya kurahisisha watoto wa maabara, na Kanisa limeshasema juu ya hayo tangu 1987, viinitete vinavyobaki kwenye friji navyo ni watu. Sikusikia mlokole hata mmoja akilalamika. Halafu Mei, Papa Fransisko tumemzika hata wiki haijatimia sawasawa, mtu anaweka picha ya kompyuta yeye amevaa kanzu nyeupe na kofia ya Papa! Hapo nilizima simu nikaenda kupanga misumari kwa saizi, kazi ambayo huwa naifanya nikiwa na hasira tu. Koreshi wa Isaya alirudisha vyombo vya hekalu, hakuvivaa.

ShabaWaOli

"Hakuvivaa" 😂😂 mzee umeua. Karanga zimeisha naagiza zingine.

NesiWaVurra

Mzee shikamoo. Mnazungumza Washington, mi naomba niulize la Uganda. Huku kutoa mimba ni jinai tangu enzi za Waingereza na katiba ya 1995 kifungu cha 22 nacho kimeweka. Hiyo sera ya Mexico ilikua inakukinga na nini ambacho sheria yetu haijakukinga? Na pili, mlipokua mnakunywa soda tarehe 24, kuna aliyesoma karatasi ya tarehe 20?

MzeeTrento

Marahaba binti yangu. La kwanza nakujibu: sheria inaweza kubadilishwa, na wanaokuja kushawishi ibadilishwe huja na magari meupe na bajeti, sasa sera ile iliwakata bajeti. Hilo sio dogo na bado naliamini.

La pili ndo nilikua nalikwepa.

Karatasi ya tarehe 20 ilisimamisha misaada ya nje ya Marekani siku 90 ili eti ikaguliwe. Ilisainiwa siku ileile ya kuapishwa, mi naangalia laivu, na sikuiona. Siwezi kudanganya kwamba niliificha, sikuiona kabisa, macho yangu yalikua yanangoja karatasi moja tu. Ndo maana naleta mada. Sisi Wakatoliki wa msimamo tunamwangalia rais wa Marekani kupitia dirisha moja, dirisha la mimba na ndoa, na dirisha lenyewe ni halali kabisa, tatizo mwenyewe anaingia nyumbani kwako kwa mlango wa jikoni na wewe bado umesimama dirishani unapiga makofi.

Yule ndugu yangu aliyeniuliza tumeshinda nini, yuko kwenye dawa tangu 2006. Simtaji jina wala kama ni wa kike au wa kiume, wa nyumbani mnaojua nyamazeni. Dawa zile ni za ukimwi, hela ya PEPFAR, mfuko wa Marekani alioutangaza Bush Januari 2003, dola bilioni 15 kwa miaka 5, na Julai mwaka uleule akashuka mwenyewe Entebbe akatembelea wagonjwa. Bush huyo ndo alikua rais wangu kamili, wa dirishani na wa mlangoni. Mimba alikataa, vijana aliwaambia wasubiri ndoa mpaka sheria ya mfuko ikatenga theluthi ya hela za kinga kwa hilo, na dawa akaleta, nyingine zikapita kwenye hospitali zetu za misheni. (Najua, Iraki. Papa Yohane Paulo wa Pili alimpinga waziwazi kwa ile vita na Papa ndo alikua sawa. Nimesema rais wangu, sijasema mtakatifu wangu.)

Basi Februari ndugu yangu anakwenda kuchukua dawa Jumanne kama kawaida, anakuta mlangoni karatasi imebandikwa na selotepu, pamefungwa. Yule mshauri aliyekua anamwita kwa jina na kumuuliza habari za kuku wake hayupo, mkataba umekatwa. Pale nje wamekaa watu kama arobaini wanaogopa hata kuuliza kwa sauti maana kila anayepita barabarani anajua jengo lile ni la nini. Washington walikua wameshatoa ruhusa maalum mwishoni mwa Januari kwamba dawa za kuokoa maisha ziendelee, Rubio waziri wao wa mambo ya nje alisaini, nilisoma, naye pia ni Mkatoliki. Lakini karatasi ya Washington na kufuli la huku ni ndugu wasiojuana. Gari la kuleta, mtu wa kugawa, mtu wa kuandika kadi, hao wote walikua wameshaambiwa waende nyumbani.

Usiku ule tulikaa mezani, nikageuza kifuniko cha debe la rangi, tukamwaga vidonge tukahesabu. Kumi na moja. Tukahesabu tena kana kwamba vitazaa. Kumi na moja. Hakusema neno la tumeshinda nini, ila alinyanyua macho tukaangaliana na mi nikaangalia pembeni, kwenye kreti tupu ya soda ambayo sijairudisha dukani.

Alipata dawa siku ya nane, kwingine, mbali, za wiki mbili mbili badala ya miezi mitatu. Yuko salama. Ila hizo siku nane rozari niliisali kwa namna nyingine, nawaambia.

MamaBahati_Kyangwali

Miye pia ni Mukatoliki, niko hapa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, nilitoka Bunia kule Kongo. Asante Baba kwa kusema ukweli. Huku na siye chakula kimepunguka sana, wengine wamekatwa kabisa. Mie siasa sijui. Ila padri alitusomea ile barua Papa Fransisko aliandikia maaskofu ba Amerika mwezi wa pili, kwamba upendo ya kweli ni ile ya Musamaria, haina kuhesabu huyu wa kwangu huyu wa kando. Tulilia. Ilikua sawa vile anatuona.

MzeeTrento

Mama Bahati asante sana, na pole. Barua hiyo ilikua ya tarehe 10 Februari. Ilikuja baada ya Vance kueleza kwenye televisheni kwamba Mkristo anaanza kupenda familia yake, halafu jirani, halafu nchi yake, halafu ndo dunia. Na mi nikuambie ukweli wa moyo, nilipomsikia Vance nilisema ndiyo, hiyo ni Tomaso wa Akwino hiyo, kijana kasoma. Mpangilio wa upendo upo kwenye mafundisho. Ila Musamaria hakuulizwa mpangilio, alikuta mtu barabarani. Wiki ile mtu wa barabarani alikua amekaa mezani kwangu na vidonge kumi na moja.

MlokoleHalisi

Kwa hiyo mzee unataka kutuambia bora Biden? Sema tu usizunguke.

MzeeTrento

Sijasema na sitasema. Msinipeleke huko.

Biden ni Mkatoliki wa pili kuwa rais kule baada ya Kennedy. Asubuhi ya kuapishwa alienda misa kwenye kanisa kuu la Mathayo Mtakatifu, lilelile lililotoa jeneza la Kennedy 1963. Rozari ya mwanawe aliyefariki anaivaa mkononi, na hilo sicheki nalo, mzazi ni mzazi. Halafu mtu huyohuyo anatetea utoaji mimba uandikwe kwenye sheria ya nchi nzima. 2019 padri mmoja South Carolina alimnyima komunyo, mi nilimpigia makofi padri. 2021 akatoka kwa Papa akasema Papa kamwambia ni Mkatoliki mzuri aendelee kupokea, nikaumwa na kichwa siku mbili. Kanuni ya 915 ya Kanisa, ile ya kumnyima komunyo anayeng'ang'ania dhambi kubwa hadharani, iko wazi kwa kila mtu anayejua kusoma. Kwangu mimi adui aliye nje ya uzio naweza kumvumilia kuliko ndugu anayefungua geti. Na huyu ndo aliyetutoa kwenye ule mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, kuanzia Januari 2024, kisa ile sheria yetu ya Mei 2023 ya kupinga ushoga, yaani mfumaji wa vikapu aadhibiwe kwa kura ya bunge.

Lakini chini ya Biden dawa zilikuja. Hapo ndo nakwama, na nimekwama miezi sasa. Haki nzima haiko kwa yeyote kati yao, mmoja kashika kichwa cha mtoto na mwingine kashika miguu na wote wanavuta.

ShabaWaOli

Mi nisiye wa dini yenu naona kitu kimoja tu. Hao jamaa walitukatia hela Januari, mwezi wa 8 serikali yetu ikakubali kupokea watu wanaofukuzwa Marekani. Yaani dawa hawaleti, watu wanaleta 😅 na Uganda hii tayari ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Sasa mpangilio wa upendo wa huyo Vance unasemaje hapo?

MzeeTrento

Shaba hilo nakuachia mwenyewe, mi nimeshindwa kulijibu hata kwa Kilatini.

Kijana256

Mzee nisamehe nitakua mkali kidogo. Nina miaka 24. Sijawahi kuona rais akibadilika hapa, baba yangu alikua darasa la tatu wa mwisho alipobadilika. Wewe unajua tarehe za Clinton na Obama na Trump kama tarehe za ubatizo wa watoto wako. Unanuna, unachekelea, unanunua soda. Kwa rais wa watu! Lini utanunua soda ya huku

NesiWaVurra

👀

ShabaWaOli

Kijana taratibu, humu tunasomwa na wengi

MzeeTrento

Nilitoka nikaenda kula, enyasa imepoa, nimerudi. Hili nalijibu vizuri maana kijana kagusa kidonda chenyewe na hakujua.

Babu yangu alikua katekista. Sebuleni kwake kulikua na picha tatu ukutani, Moyo Mtakatifu katikati, kulia Ben Kiwanuka, kushoto Kennedy. Kiwanuka wa chama cha DP, mnajua watu walikua wanaiita DP dini ya Papa, akawa waziri mkuu kidogo tu 1962 akaondolewa kwa kura. Kwa babu hao wawili walikua kitu kimoja, kwamba Mkatoliki naye anaweza kukaa kiti cha mbele. Hakujua kwamba Kennedy kule Houston 1960 alisimama mbele ya wachungaji akaapa karibu kila kitu kwamba Papa hatamwambia la kufanya. Mi nilikuja kulisoma nikiwa mkubwa, nikashukuru babu ameshalala. (Na leo Papa mwenyewe ni Mmarekani, Leo wa Kumi na Nne wa Chicago. Walioogopa Roma itatawala Washington wangeamka waone.)

Kennedy akauawa. 1972 Kiwanuka akiwa jaji mkuu, akatolewa mahakamani mchana na watu wa Amin, hajaonekana tena. Na Amin ni mtu wa huku kwetu West Nile. Fikiria babu, shujaa wako kauawa na mtu ambaye majirani wanakupongeza kwa ajili yake.

Halafu ndo yakaja mabadiliko ya marais unayoyataka kijana. Kati ya Aprili 1979 na Januari 1986 nchi hii iliongozwa na Lule, Binaisa, ile tume ya Muwanga, Obote tena, Okello, mpaka huyu wa sasa. Sita kwa chini ya miaka saba. Mi nilizaliwa mwanzo wa 1979. Oktoba 1980 jeshi la serikali lilipokuja kulipiza kisasi huku, mama alinifunga mgongoni akavuka Vurra kwenda Zaire, babu nyuma yake na debe kichwani, ndani ya debe zile picha tatu. Waliobaki wengine wakakimbilia misheni ya Ombaci kwa mapadri Wakomboni wakidhani msalaba utawakinga. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wakaingia misheni wakaua makumi ya watu. Tarehe 24 Juni. Ndo maana nilisema ile siku ya 2022 nilirudi ndani kupiga goti, nilikua na mambo mawili ya kumwambia Mungu na sio moja.

Tuliporudi babu alizika debe chini ya kichanja kwa sababu bado hakuamini. Tulilifukua mimi na yeye nikiwa na kama miaka tisa. Mchwa walikua wamemla Kennedy kuanzia kifuani kushuka chini, Kiwanuka kabaki nusu ya uso, Moyo Mtakatifu kioo kimepasuka lakini mzima. Babu akachukua Moyo Mtakatifu akautundika, zile mbili akazirudisha shimoni akafukia, hakusema kitu. Na mpaka anakufa, akisikia redioni neno "rais mpya", hata kama ni wa Zambia, alikua anakwenda kuangalia kama godoro linaweza kukunjwa.

Kwa hiyo kijana usidhani sijui nafanya nini. 2021 kura zetu zilikua tarehe 14 Januari, intaneti ikazimwa, ikarudi siku ya tano mitandao ya kijamii bado imefungwa, na tarehe 20 mimi huyu nikawasha VPN nimwone Biden, mtu nisiyempenda, anashika Biblia. Nikajiuliza namwangalia wa nini. Nilikua naangalia namna mtu mmoja anaondoka mwingine anaingia na hakuna mama anayefunga mtoto mgongoni. Na hata hao 2021 karibu iwashinde, mliona ya tarehe 6, bunge lao lilipovamiwa. Ushabiki wangu wote wa tarehe za Wamarekani nusu yake ni imani na nusu yake ni njaa, na mi mwenyewe nilikua naita yote imani.

Kijana256

Mzee. Nimesoma mara mbili. Nisamehe kwa lile la soda.

MlokoleHalisi

Mungu awalaze pema wa Ombaci. Leo sina ubishi.

ShabaWaOli

Baba yangu alivuka Vurra siku hizohizo mzee, na yeye alikua Mwislamu na hakuna aliyemuuliza. Kesho napita dukani kwako.

Kijana256

Swali la mwisho basi, tarehe 15 Januari unapiga kura?

MzeeTrento

Napiga, nimepiga zote. Kwa nani ni siri ya kitubio. Na rais wa Marekani ajaye, 2029, akiifuta tena sera ya Mexico nitanuna tena, hilo nawaambia mapema msije mkanitafuta kwamba nimebadilika. Lakini soda sinunui mpaka nimesoma karatasi zote za siku hiyo, sio moja.

NesiWaVurra

Mzee, tuache Washington kidogo. Lile jengo ulilolisema nalijua, usilitaje. Watu wake wameunganishwa na huku kwetu, kwa hiyo siku ya dawa sio Jumanne tena, ni Alhamisi. Mwambie huyo ndugu aje kabla ya saa nne asubuhi, niko peke yangu na foleni inafika mpaka kwenye mti. Kadi ya zamani asiitupe. Kama namba haziko sawa nitaandika upya, na akiwa sawa kwenye kipimo nitajaribu kumpa za miezi mitatu.

MzeeTrento

Alhamisi. Nitamleta mwenyewe na boda. Binti yangu, unakunywa soda gani?

NesiWaVurra

Maji tu mzee. Na mje na kiti chenu.